Cheko Lililobaki Kitabuni

Mpaka leo nikienda sinema kutazama picha iliyotolewa kwenye kitabu, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni cheko. Wenzangu hutazama nguo na vipuli na nyumba za ghorofa. Na mimi navitazama, sikatai. Mimi mtu wa ndoto, nikiona ngazi ndefu kwenye picha huanza kujiona naishuka, mkono juu ya mbao zake. Lakini kwanza humsikiliza yule mwanamke wa hadithi anavyocheka. Kama kitabuni alikuwa akicheka mpaka watu wanageuka, na kwenye picha anaziba mdomo kwa ncha ya nguo yake, basi nakuwa nimeshajua yaliyobaki. Atalia katikati, na mwisho ataomba radhi.

Tangu ile ya kwanza nimetazama picha tatu za namna hiyo, za mapenzi na mzaha, na kila mara rafiki yangu wa dukani hunihadithia kitabu chake kabla. Naona mambo yanakwenda vilevile. Kitabuni mwanamke ana njaa, anakula, anataka aongezwe. Kwenye picha hali kitu, anabeba sinia tu. Kitabuni ana kazi. Kwenye picha kazi yake huoneshwa mara moja ili ipate wimbo, kisha huioni tena. Na maneno yake ya kuchekesha, ambayo ndiyo yaliyotufanya tumpende, hupewa mtumishi wa nyumba au shangazi mnene, yeye akaachiwa machozi. Hayo nayasema sasa kwa wepesi. Wakati ule sikuyajua, na kwa kutoyajua kwangu nilimponza dada yangu.

Dada yangu huyu ni mtoto wa mama mkubwa. Wazee wangu wako kisiwani Fundo, na mimi nililetwa Chake Chake nikiwa mdogo, nikakaa mtaa wa Madungu kwa mama mkubwa ili nipate skuli. Nilifika darasa la sita, nikaambiwa inatosha. Dada, aliyenipita miaka minne, alimaliza la nane, maana baba yake alipokuwa hai aliusia kwamba asitolewe. Alikuwa mrefu, mwili umejaa, mweusi wa kumetameta, na cheko lake lilitoka tumboni likavuka ua.

"Punguza cheko wewe, utasikiwa barabarani!" mama mkubwa akimwambia kila siku.

"Kwani barabarani kuna mgonjwa, mama?" Na kucheka tena.

Dada alikuwa akishona kofia, na mimi nikitumwa nyuzi kwenye duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa na binti wa umri wangu, Mhindi aliyezaliwa Chake kama sisi na akisema kama sisi. Huyo ndiye rafiki yangu. Nyuma ya duka, kati ya majora ya bafta, alikuwa na kitabu kilicholetwa na jamaa zao kutoka Bombei, kwa lugha yao, jalada limeshachanika na kutupwa. Alinisomea kidogo kidogo, mstari mmoja kwa lugha ya kitabu, mstari mmoja kwa Kiswahili, na mimi nikichelewa kurudi na nyuzi.

Kilikuwa kitabu cha mwanamke mmoja mwalimu wa watoto. Mnene, mweusi, mlafi wa achari ya maembe, na cheko lake, mwandishi kasema, liliwahi kumwangusha paka juu ya ukuta. Siku moja wakaja watu kumtazama, kijana na wazee wake, maana kijana alitaka mke. Kwao desturi ni msichana kuwaletea wageni chai kwenye sinia na kurudi ndani. Huyu alileta chai, akakaa chini pamoja nao, akajimiminia kikombe chake mwenyewe, akamuuliza kijana:

"Wewe unajua kupika nini?"

Kijana akasema, "Maji ya moto."

Akacheka, na baba yake akacheka. Kisha baba akamuuliza mbele ya watu wote, unasemaje, mwanangu? Akajibu: "Sitaki. Nina madaftari arubaini ya kusahihisha." Wageni wakaondoka wamevimba. Baba akalivuta sinia la halua waliyoileta, akaimaliza peke yake, akasema angalau wametuachia hii.

Sehemu yote iliyobaki ya kitabu ni yule kijana akijifunza. Alikuja kumpenda kwa hasira, halafu kwa kweli. Mara ya tatu alikuja na chungu cha dengu alizozipika mwenyewe, zimeungua. Mwanamke akazila zote, akafuta mdomo, akasema: "Haya, sasa tuzungumze." Ndio mwisho.

Msimu wa karafuu ulipofika nilikihadithia kitabu kile upenuni kwetu. Kila alasiri karafuu zilizochumwa mchana humwagwa juu ya jamvi, na wanawake wa mtaani wakaja kuzichambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, huku. Kazi ya mikono hiyo, masikio yamekaa bure. Nikawa mimi ndiye santuri yao. Na kweli, na mimi nilimbadilisha kidogo. Nilimvisha kanga, nikamtoa Bombei nikamweka mahali panapofanana sana na Madungu, dengu nikazifanya kunde. Lakini cheko sikuligusa, na lile neno "sitaki" sikuligusa.

"Huyo hana mama wa kumfinya?" jirani yetu mmoja akauliza. Alikuwa mwanamke mkubwa wa kuheshimiwa, mwenye ulimi wa pilipili.

"Mama yake kafa," nikasema, na kweli kitabuni alikufa.

"Nilijua. Angekuwepo mama, chai ingeingia na kutoka bila ya maneno."

Dada alikuwa akicheka mpaka karafuu zinamponyoka vidoleni, na kila siku akiniambia nirudie pale pa sinia la chai. "Kakaa chini? Pamoja nao? Kajimiminia?" Akitaka kusikia hasa mkono ulivyoshika birika.

Msimu haujesha, mambo mawili yakaja wiki moja. Kwanza barua kutoka Unguja: dada kakubaliwa kwenda kusomea ualimu. Aliisoma amesimama, akaisoma amekaa, akaniambia niisome mimi kwa sauti, nami nikaisoma vibaya kwa furaha. Siku mbili baadaye ikaja posa. Alikuwa mtu wa Micheweni, mwenye ng'ombe na jina zuri, aliyefiwa na mkewe na kuachiwa mtoto mdogo wa kike. Alimzidi dada miaka ishirini. Alisema hana haja ya mke mwalimu, ana haja ya mke nyumbani, na kusema hivyo si kosa, alisema wazi.

Baba wa dada alikwisha kufa, kwa hiyo mwenye kuozesha alikuwa ami yake, ndugu wa baba. Ami huyu nataka nimwandike kwa haki, maana watu wakiisikia hadithi hii hudhani ndiye mbaya. Alikuja akakaa barazani, akamwita dada karibu na mlango, mimi niko nyuma ya pazia.

"Mwanangu, mimi posa hii naiona ya heri. Mama yako naye anaiona ya heri. Lakini baba yako alinishika mkono kabla ya kufa, akaniambia, mtoto huyu umuulize. Basi nitakuuliza. Ijumaa ya wiki ijayo nitakuja na mashahidi wawili. Ukisema hutaki, wallahi, nawarudishia watu wa Micheweni posa yao, na wewe unapanda meli. Neno moja tu."

"Na nikinyamaza, ami?"

"Mwari akinyamaza ameridhia. Ndivyo tulivyosomeshwa. Kwa hivyo mimi nitakusikiliza, usiniambie baadaye sikusikiliza."

Alipoondoka dada aliingia ndani akaniziba mdomo kwa kiganja, maana nilikuwa karibu kupiga kelele. "Neno moja," akaninong'oneza. "Hata madaftari arubaini sitayataja. Neno moja tu." Tukacheka tumejifunika mto.

Lakini siku zilivyosogea cheko likawa linamkimbia. Mama mkubwa hakumkataza kitu. Alikuwa na moyo wa kudunda. Ukimshika alikaa chini akaweka kiganja kifuani mpaka utulie. Wiki ile ulimshika mara kwa mara. Dada akishona kofia, anainua macho, anamtazama mama yake, anarudi kwenye sindano. Usiku mmoja aliniuliza kama ninadhani yule mwanamke wa kitabu aliogopa kabla ya kusema.

"Hakuogopa hata chembe," nikamwambia. Kitabu hakikusema hivyo wala hivyo. Nilisema mimi.

Hapo ndipo rafiki yangu wa dukani akaniletea habari iliyonirusha. "Kitabu chetu kimekuwa picha! Inakuja hapa, Jumatano, maonesho ya wanawake!"

Zamani zile, na mpaka sasa, sinema yetu ina siku ya alasiri ya wanawake watupu, waume hawaingii, na siku hiyo buibui zinajaa barabara nzima. Mimi nilipiga hesabu ya kitoto. Picha Jumatano, ami Ijumaa. Dada akimwona yule mwanamke kwa macho yake, akimsikia anasema lile neno kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya baba na wageni, hofu itamtoka yote. Nikaona kama nimeteremshiwa msaada.

Dada hakutaka kwenda. Alikuwa na kofia ya kumaliza. Nilimbembeleza siku tatu. Tena nikaenda kwa mama mkubwa, nikamwomba yeye ndiye atupeleke. Nikamwita na yule jirani wa pilipili. Nilitaka wote wamwone. Nilitaka wachekeshwe, ili siku ya Ijumaa dada akisema lake wamkumbuke yule wa picha, wasione ajabu.

"Inachekesha kweli?" mama mkubwa akaniuliza.

"Mama mkubwa, utashika mbavu!"

Tukakaa safu moja: jirani, mama mkubwa, dada, mimi, na rafiki yangu pembeni yangu ili atutafsirie. Watoto wanalia, njugu zinabanjwa, watu wanaitana kutoka upande huu mpaka ule. Taa zikazimwa, nikamfinya dada.

Akatokea. Alikuwa mwembamba kama mpopoo, mweupe kama muhogo uliomenywa. Akashuka ngazi, na mimi kwa upumbavu wangu nikaipenda ile ngazi. Akaambiwa neno la mzaha na shoga yake, akacheka. Akavuta ncha ya nguo, akaziba mdomo, ikatoka sauti ndogo kama kengele ya baiskeli ya mbali.

"Ndiye huyu?" dada akaniuliza.

"Subiri."

Skuli ilioneshwa. Watoto wasafi wamekaa kwenye majani, yeye kati yao, wakaimba wimbo mmoja mzuri sana, na skuli ikesha hapo. Madaftari sikuyaona. Achari sikuiona. Wageni wakaja. Akatoka na sinia la chai, mikono inamtetemeka, vikombe vinagongana, macho yako sakafuni. Pale nilipongojea akae chini, akakimbilia ndani. Mtumishi wao, mwanamke mnene, mweusi, ndiye aliyebaki na birika, na huyo ndiye aliyemuuliza kijana, "Wewe unajua kupika nini?" Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Jirani yetu akampiga mama mkubwa paja. Mimi nikamtazama yule mtumishi, nikaona: huyu! Huyu ndiye wetu! Wamemvua hadithi yake wakampa kitambaa cha kufutia meza.

Rafiki yangu alikuwa ameanza kutafsiri polepole, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni asikione.

Wageni wakaondoka, msichana akabaki na baba yake chumbani. Akasema kitu kwa sauti ndogo.

"Anasema hataki," rafiki yangu akanong'ona.

Nikamshika dada mkono. "Umesikia? Umesikia? Kasema!"

Dada akajisogeza mbele ya kiti. Na hapo ngoma zikalia, baba akashika kifua, akapepesuka, akaanguka kama gunia. Wanawake wakapiga ukelele, "Yallah!" Mama mkubwa alisimama wima. Sikumtazama yeye, nilimtazama dada, na dada hakuwa akitazama picha. Alikuwa akitazama kiganja cha mama yake, kilivyokwenda kifuani.

Tangu hapo ikawa kilio. Aliimba kando ya kitanda cha baba, akaimba mvuani, akaimba mbele ya taa. Kijana, ambaye kitabuni alijifunza kupika, hapa hakujifunza kitu. Alileta daktari kwa gari. Mwisho baba amelala, kijana amesimama, baba akamuuliza binti yake mara ya pili. Binti akainamisha kichwa. Likashuka chozi moja, kubwa, likamulikwa. Kimya.

"Anasema nini?" mama mkubwa, huku analia, akamuuliza rafiki yangu.

"Hasemi kitu, Bi," rafiki yangu akajibu. "Hapa hapana cha kutafsiri."

Baba akatabasamu. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele, kama tuko harusini.

Tukatoka, tukashika njia ya nyumbani. Kisha mama mkubwa akafuta macho akasema, "Picha nzuri. Imenifika hapa." Akanigeukia. "Na wewe msimu mzima ulikuwa ukituhadithia nini? Sinia, halua, baba anacheka. Mwongo mkubwa wee!"

"Mama mkubwa, kitabuni ndivyo. Hawa wamebadilisha."

"Wabadilishe ili iwe nini?" jirani akadakia. "Kitabu mtu hukaa peke yake akaandika anachotaka. Picha hii nimeiona mimi kwa macho yangu mawili. Mtoto katamka, mzee kaanguka. Hukuona kaanguka?"

"Nimeona."

"Basi."

Nilimwangalia dada anitetee. Alikuwa amefunika uso kwa ukaya wa buibui, anatembea upande wa mama yake, amemshika mkono.

Alkhamisi asubuhi nilikimbilia dukani, sikungoja hata kutumwa. "Nisomee pale pa sinia. Nisomee kama palivyo." Rafiki yangu akafungua, akasoma kwa lugha yao, akatafsiri: sitaki, madaftari arubaini, halua. Yote yamo. Sikuwa mwongo. Nilikaribia kulia kwa furaha. Nikamwomba kitabu, nikakifunga ndani ya kanga, nikarudi mbio.

Mama mkubwa alikuwa uani anapepeta mchele, dada anasuuza vyombo. Nikakiweka mbele yao. Mama mkubwa akakitazama akaacha ungo.

"Maandishi gani haya, kama ndoana zilizomwagika! Nani atayasoma? Wewe?"

"Rafiki yangu kanisomea sasa hivi."

"Rafiki yako jana alikuwepo. Mbona hakusimama akasema picha hii ya uwongo?"

Dada alifuta mikono, akakichukua. Akakigeuza. Akanong'ona, mama mkubwa asisikie vizuri: "Nioneshe lile neno. Liko wapi?"

Nikafungua. Sikuwa nimeukunja ukurasa. Katika haraka yangu yote sikumwambia mwenzangu akunje ukurasa au atie uzi, na wakati wote nilipokuwa nikisomewa kitabu kile nilimtazama yeye mdomo, sikutazama maandishi. Nikafungua hapa, nikafungua pale. Ndoana tupu. Nikaweka kidole mahali, nikasema, "Hapa," na dada akajua kwamba sijui.

"Rudisha kitabu cha watu," akaniambia kwa upole. Angenitukana ingekuwa afadhali.

Ijumaa baada ya sala ami akaja na mashahidi wawili, wazee wa msikitini, kanzu zimepigwa pasi. Wakasimama nje ya pazia la chumba. Ndani tulikuwa watatu: dada amekaa juu ya mkeka, mimi upande wake, na mama mkubwa kitandani. Nasema ninachokijua: mama mkubwa hakuwa akijifanya. Uso ulikuwa umemtoka jasho, na kiganja kiko kifuani kwa sababu moyo ulikuwa ukidunda kweli.

"Mwanangu," ami akasema kutoka nje, "mtu wa Micheweni amekuposa. Unaridhia nikuozeshe? Kama huridhii, sema, wala sitakulaumu."

Dada akamtazama mama yake.

Ami akangoja. Alingoja sana. Niliwasikia wale mashahidi wakibadilisha miguu. Akauliza mara ya pili, maneno yale yale. Nikamgusa dada goti, nikamwambia kwa midomo tu: sema. Midomo yake ilifunguka. Naapa ilifunguka, niliona meno. Na mama mkubwa akavuta pumzi, pumzi tu ya mgonjwa, na dada akainamisha kichwa. Akainamisha vilevile. Hata shingo ilikwenda upande ule ule iliokwenda ya yule mwembamba wa kwenye picha.

"Mara ya tatu, mwanangu. Nakusikiliza."

Ningeweza kusema mimi. Mpaka leo hilo ndilo linaloniamsha. Ningeweza kusema, ami, hataki, ana barua, anaogopa tu. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kulelewa mle ndani, tena mwongo wa msimu mzima, nani angenisikiliza? Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikanyamaza na mimi.

"Amenyamaza," ami akasema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyepoteza kitu. "Basi ameridhia."

Mashahidi wakasema alhamdulillahi. Uani jirani yetu akapiga kigelegele.

Barua ya Unguja dada aliikata ukanda mrefu. Ilikuwa karatasi nzuri, ngumu. Ukanda ule ukapelekwa Micheweni kupimia kichwa cha bwana harusi, ukarudi na alama ya kalamu, na dada akashona kofia kwa kipimo kile. Ilikuwa kofia nzuri kuliko zote alizowahi kushona.

Baadaye nilimuuliza rafiki yangu kwa nini wale watu wa picha wanawafanya hivyo wanawake wa vitabuni. Alifikiri, huku anakunja kitambaa. "Kitabu unakaa nacho peke yako," akasema. "Picha unakaa na mama yako." Sijapata jibu lililopita hilo. Naye mwaka huu wanamtafutia mume, na chai atapeleka.

Mwezi uliopita nilikwenda Micheweni kumtazama dada, mara yangu ya tatu tangu aolewe. Nyumba iko juu ya mawe, ng'ombe wako nyuma, kila kitu safi. Mumewe si mtu mbaya, sitaki kumsingizia. Hampigi, hamnyimi. Anapenda nyumba iliyotulia, basi. Alinikaribisha, akatuachia samaki, akaingia ndani kupumzika. Tukabaki ukumbini mimi, dada, na yule mtoto wa mumewe, ambaye sasa ana miaka tisa na meno ya mbele yametengana.

"Nihadithie ile ya mwalimu," mtoto akamwambia.

Sikujua kama humhadithia. Nikatega sikio nisikie ni ipi, ya kitabu au ya picha. Dada akaanza. Alimfanya mnene. Alimfanya mweusi. Paka akaanguka ukutani, mtoto akacheka kwa mkono mdomoni. Wageni wakaja, chai ikaja, na yule mwanamke akakaa chini pamoja nao akajimiminia kikombe, na dada akaonesha kwa mkono wake jinsi birika lilivyoshikwa. Nilihisi ninakaribia kuruka. Baba akamuuliza, mwanangu unasemaje?

Dada akaushusha ule mkono.

"Kisha?" mtoto akauliza.

"Kisha akanyamaza."

"Akanyamaza tu? Si alikuwa jeuri?"

"Nenda kateke maji, jua linakwenda. Mpeleke, mdogo wangu, kisima chetu unakijua."

Tukashika ndoo. Njia ya kisimani ni ya mawe makali, unatazama unapokanyaga. Mtoto alikuwa bado analo swali lake.

"Lakini kwa nini alinyamaza?"

Nikageuka nikaangalia nyumba. Hatukuwa tumefika mbali.

"Kitabuni hakunyamaza," nikamwambia. "Kitabuni alisema sitaki. Mbele ya wageni wote. Nina madaftari arubaini ya kusahihisha, akasema, na baba yake akala halua yao yote."

Mtoto akasimama na ndoo yake. Akayapima maneno yale, kisha akacheka, cheko kubwa la kutoka tumboni, ndoo ikamponyoka ikagonga mawe mpaka kuku wakatawanyika.

Na kutoka ndani ya nyumba nikasikia sauti ya dada yangu, kali, ya haraka:

"Nani anayecheka hivyo? Punguza cheko wewe, utasikiwa barabarani!"